Mbabula Isiyo na Moshi

Jumatatu, 8 Machi 1954
Wamekataa! Niliomba brevet, hati ya uvumbuzi, ya mbabula yangu, jiko la makaa lisilo na moshi, ili wenye viwanda wasiitengeneze bila mimi. Mkaguzi wa brevet anajibu: bati ndani ya bati, matundu juu, moshi unaungua humo humo — jambo la wazi, fundi yeyote angewaza hivyo. Fundi yeyote! Basi kwa nini mke wangu Feza alikohoa moshi wa makaa mpaka kaburini? Nataka mbabula hii iitwe kwa jina lake, si kwa jina la kiwanda. Nimepika bukari, ugali wa mtu mmoja. Imenishinda kuimaliza.

Alhamisi, 11 Machi
Avoka, wakili wangu, anasema rufaa inawezekana. Nilete fundi hodari aliyeitafuta mbabula isiyo na moshi, akaikosa; ndipo itaonekana si jambo la wazi. Nikacheka peke yangu njiani. Si Amisi huyo! Tulijifunza bati pamoja kwa marehemu baba yangu. Miaka mingi amekata na kukunja bati akiitafuta mbabula hiyo, na mtaa mzima unamcheka. Tangu yangu iwake, hatutembeleani.

Jumamosi, 13 Machi
Nimekwenda kwake. Mvua, matope! Nikaeleza. Akaweka nyundo chini polepole.
— Abibu, unataka niende kusema ku bazungu asema mi nilishindwaka?
Nikasema ndiyo. Ningesemaje? Mkewe, Amida, hakuniletea hata maji.

Jumanne, 23 Machi
Amisi amekuja kwenye rufaa! Kanzu imepigwa pasi. Hakunisalimu, lakini alisema yote — mabati, moshi, vicheko vya watu. Hakuficha kitu. Niliona haya kwa niaba yake.

Kisha mkaguzi akasema: pengine huyu ni fundi dhaifu tu. Akanigeukia. Kati yenu wawili, nani fundi zaidi? Kabla sijajibu, tumepewa mapumziko. Naandika hapa kwenye benchi la korido. Amisi amekaa upande ule, anatazama ukuta.

Jibu nalijua tangu ujana. Ni yeye. Mkono wake haukosei, wangu unabahatisha. Sijawahi kumwambia. Sisi watu wa bati humsifu mwenzetu akishazikwa. Ukimsifu angali hai, watasema unamroga mkono. Leo nikisema, pengine nitashinda. Na Amisi ataamini nimesema kwa ajili ya brevet! Maisha yake yote hatajua kwamba ni kweli.

Nimwambie sasa, kabla hatujaitwa. Sisi wawili tu.

Nimesogea kidogo upande wake. Naye amesogea — mpaka mwisho wa benchi.