Bega la Mdogo Wangu

Nyumbani, mezani jikoni
Jumapili asubuhi

Mpendwa Shangazi,

Kwa heshima na taadhima, ukoo mzima unatangaziwa kwamba mimi, Bonge wenu, nimeanza rasmi mazoezi ya kukimbia. Na nimeyaacha rasmi siku hiyohiyo, hapo kwenye kona ya duka.

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko? Au bado unavaa soksi mbili na kumlaumu daktari? Sisi wazima, ila nina hasira hadi chai hainishuki.

Najua umesoma kwenye simu kwamba mdogo wangu, siku ya kuagwa baada ya maisha yote ya tenisi ya kulipwa, "alimdhalilisha kocha wake mbele ya wageni." Uongo mtupu! Na ninavyokujua, umeshaandaa mahubiri ya kumpigia. Subiri kwanza.

Bega lake la kulia limekwisha. Daktari alimwambia apumzike. Kocha akasema daktari hajui mchezo, akamtafutia sindano ya kuua maumivu, akamwingiza kwenye fainali. Akashinda. Kocha akapigwa picha na kombe, bega halikupona tena. Sasa hawezi hata kufunga nywele. Msusi wake ni mimi, na ukimwona utafikiri ametoka kwenye ajali.

Siku ile ya kuagwa mwenyekiti wa klabu akasimama, suti imembana, akasema mdogo wangu "amechoka, anataka kutulia." Amechoka! Kisha akatangaza kwamba kocha yuleyule sasa atafundisha watoto. Watoto, Shangazi, waliokaa pale mbele na raketi zinazowazidi urefu.

Basi kilichotokea ni hiki. Wapiga picha walimwomba apige mpira wa mwisho. Akaupiga kwa chini, mkono haukupanda juu ya kiuno, kama anayemchezesha mtoto. Kocha akadaka kipaza sauti: "Jamani, hata kustaafu anastaafu kivivu!" Watu wakacheka. Nilitaka kumrukia, mke wangu akanikanyaga kiatu.

Mdogo wangu akamwendea, akafungua nywele, akamwekea kibanio mkononi.

"Nifunge nywele, kocha. Mkono wangu haufiki."

Hakutukana, hakupaza sauti. Kocha akakitazama kile kibanio, akakitia mfukoni, akasema, "Haya, tuendelee na ratiba."

Ndipo mdogo wangu akawageukia wazazi wa wale watoto: "Mtoto akisema bega linauma, mwaminini yeye kwanza."

Mama mmoja akainuka, akamshika binti yake mkono, wakatoka. Mmoja tu, Shangazi. Wengine walipanga foleni ya keki.

Msalimie mumeo Mzee Kofia, na mapacha, waambie waache kukua bila ruhusa yangu. Mdogo wangu anakusalimu. Ukimpigia, mpe pole tu. Mungu akutunze, akurudishe kwetu ukiwa na nguvu zako zote.

Wako akupendaye, hata akiwa amenuna,
Bonge