Picha ya Shinikizo la Zaituni

Jumatatu, 8 Septemba
Zaituni wangu Ijumaa anatetea kazi yake ya shahada ya pili! Nimeandika kabla ya kunawa unga mikononi. Atawajibu walimu wake wa Dar kwa kompyuta, akiwa hapa hapa Ruangwa, sebuleni kwangu. Mtoto niliyemzaa mimi. Majirani wote wanajua. Wifi Asha wa Nachingwea nimempigia wa kwanza. Sherehe ipo.

Jumanne, 9 Septemba
Kazi yenyewe ni bwawa. Maji yanavyopenya udongo chini ya ukuta. Programu ya kompyuta inakokotoa kasi ya maji na shinikizo lake, ile nguvu yanayosukumia, kwa pamoja, inavifunga furushi moja. Zaituni anatakiwa kutoa shinikizo peke yake na kulichora. Mimi ni wa darasa la saba, lakini nimeelewa. Akili katoa wapi kama si kwangu?

Jumatano, 10 Septemba
Picha imekataa. Inaonyesha shinikizo kubwa juu, chini kwenye kina hakuna kitu. Zaituni anasema ni kinyume kabisa. Mwalimu wake kasema isipokaa sawa kabla ya Ijumaa, basi kutetea ni mpaka mwakani. Hajala. Kanitazama: "Mama, ungesubiri kwanza kutangaza."
Imeniuma. Ni kweli.
Wifi naye kasikia, kapiga kunicheka. "Mama Zaituni, mchele tuloweke au turudishe dukani?"
"Loweka, wifi, na wewe ujiloweke humo humo!"
Nikakata simu. Nikalia.

Alhamisi, 11 Septemba
Kapata! Asubuhi kaona namba za shinikizo ni nyingi mno. Kumbe akiomba shinikizo, programu inampa namba za furushi zima, za kasi zimo ndani, naye anachora zote. Kaiamuru imtolee nakala ya shinikizo tu, iliyotengwa. Picha ikakaa: juu hafifu, chini nzito. Kigelegele nilichopiga, kuku wamekimbilia kwa jirani. Hakuna aliyemwonyesha. Kaona mwenyewe!
Ila sijamwambia mtu. Bado kesho.

Ijumaa, 12 Septemba
Nilikaa jikoni, mlango wazi kidogo. Walimuuliza sana kuhusu ile picha. Hakubabaika.
Kapita.
Kaja akaniegemea begani. Halafu: "Sasa tangaza, mama."
Nimempigia wifi. Nilikuwa na maneno mengi ya kutamba, yote yamenikimbia. Nimesema tu waje wote, Jumapili.