Maana ya Chuguasica

Jumanne, 7 Machi

Jiwe limefika! Limesimamishwa njia panda, karibu na kwa muuza maziwa. Jina la kijiji limeshachongwa: CHUGUASICA. Chini yake pameachwa nafasi. Eudoro, mwenyekiti wa baraza letu la Wamuiska, wenyeji wa asili wa milima hii, anataka maana yake iongezwe Jumapili.

"Ile unayowaambia wageni, katibu. Mahali ukungu unapolala. Tamu hiyo!"

Nikacheka naye. Moyoni nilikuwa naungua. Maana hiyo niliitunga mimi! Nilikuwa na miaka kumi na saba, namenya viazi jikoni kwa Shangazi Hermelinda. Wageni kutoka mji mkuu, Bogotá, wakauliza jina letu lina maana gani. Nikatazama dirishani. Ukungu. Basi.

Jumatano, 8 Machi

Nimepekua orodha ya mtaalamu wa majina. Kwetu ameandika neno moja tu: haijulikani. Lugha yenyewe ya Wamuiska ilinyamaza zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, yakabaki majina ya milima, mito na vijiji. Na sisi hatuwezi kumwambia mgeni "sijui". Kila kijiji kina maana yake mfukoni. Wa bonde la pili wanasema kwao ni "chozi la mwezi" — tumewacheka miaka yote. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kwa sauti kubwa.

Ijumaa, 10 Machi

Nimekwenda kwa Shangazi kusema ukweli. Ana miaka themanini na minane. Kanipa supu ya maziwa na yai, kaniambia nimekonda, eti nitabebwa na upepo. Kisha tukaenda kupalilia kaburi la mumewe, mjomba Abdón. Nilikuwa nimesahau! Imeandikwa pale msalabani: "Amelala ukungu unapolala." Akapangusa herufi kwa shali yake.

"Na mimi mtaniandikia hivyohivyo. Sawa, Nohora?"

"Sawa, Shangazi."

Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 11 Machi

Nimeunguza arepa, mikate yetu ya mahindi, mara mbili. Nimefagia ua uliokwisha fagiwa. Kesho, kabla ya patasi kugusa jiwe, mkubwa wetu kuliko wote atashika fimbo ya baraza na kusema neno hili la ukungu alilisikia kwa nani. Aliyetajwa akiwa hai, naye hushika fimbo na kusema alilisikia kwa nani. Mkubwa wetu ni Shangazi. Pengine atasema alilisikia kwa mama yake. Umri huo, watu husahau. Namwombea shangazi yangu asahau — aibu gani hii!

Jumapili, 12 Machi

Mvua imetukatiza. Tumejibanza wote chini ya paa la muuza maziwa, watu arobaini na chungu cha chicha, pombe yetu ya mahindi. Naandika haraka.

Shangazi alisimama wima. Hakusita hata kidogo.

"Nimelisikia kwa Nohora. Jikoni kwangu, anamenya viazi. Nikajiuliza, huyu mtoto kalisikia kwa nani? Sikumuuliza, nilitaka liwe kweli." Akaninyooshea fimbo. "Haya, mwanangu. Sema."

Ngurumo. Watu wakakimbia.

Fimbo iko mapajani mwangu. Fundi kashachora maneno kwa chaki, mvua inayafuta. Shangazi kakaa kando yangu, kanishika kiwiko.

Mvua inapungua. Eudoro anaita, "Katibu! Tunakusubiri!"

Nimesimama. Shangazi hajaachia kiwiko.