Mhudhuriaji Namba Tano

Mabatini, Mwanza
9 Juni 2025

Kwako Dada Rebeka,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua tangu wiki ya kwanza ya kuvuna kimeachia. Queen hajambo? Mwambie mjomba wake anamsalimu sana. Mimi mwili hauna neno. Michembe ya viazi vitamu uliyonitumia kwa basi niliipata, ila nusu yake ameila Ayoo, yule binti wa Rorya ninayesoma naye. Anadai kwao hawaijui, na kila akija kujisomea anataka kuifahamu zaidi.

Najua utashangaa kuona karatasi. Siku hizi hata mialiko ya harusi inakuja kwa simu, na juzi ulinipigia mara tatu sikupokea. Sikuwa darasani, dada. Nilikuwa nimekaa kitandani naiangalia simu inaita. Sababu ya kuandika kwa mkono utaiona mwishoni, nakuomba usome kwa kufuata mstari, usiruke. Nimempa Nestory, fundi cherehani wa hapa jirani anayekuja Magu kila siku ya mnada, na nimemwambia akukabidhi wewe mkononi. Baba mdogo Chenge asiione kwanza.

Nimesikia ujumbe wako wa sauti. Umesema mnunuzi ameshapigilia vigingi mpaka nyuma ya choo, na amekuruhusu uvune mpunga uliobaki, lakini mwezi ukiisha uwe umetoka, majaruba na nyumba vyote. Umesema alikuambia hayo kwa upole kabisa huku amekunja mikono ya shati. Miaka tisa umelima pale, tangu uliporudi kutoka Nansio na ndoa ikiwa imekwisha. Baba alipolala miezi kumi na minne hawezi kujigeuza, ni wewe uliyemgeuza, ukatoka hapo ukaenda kuinama kwenye tope mpaka jioni. Mimi nilikuwa nakuja likizo, nakula wali mpya, naondoka na gunia.

Mwisho wa ujumbe ukauliza tena kama unavyouliza siku zote, kwamba sheria inasemaje, na kwamba wewe huna wasiwasi kwa sababu wakili wa ukoo yuko njiani. Hilo neno wakili, dada, ungenizaba kofi ingekuwa afadhali.

Nikueleze basi sheria inasemaje, maana miaka mitatu nimekaa naisoma. Mwaka wa kwanza Mwalimu Okech alituchorea ngazi ubaoni. Juu kabisa akaandika Katiba, chini yake sheria zinazotungwa na Bunge, chini tena kanuni na hukumu za mahakama kubwa, halafu pembeni, kwa chaki nyembamba, akaandika mila. Akasema ukitaka kuijua nchi usiangalie kilichoandikwa kwenye kidato cha juu, angalia mtu wa kijijini amesimama kwenye kidato kipi. Tuliandika wote haraka haraka tukidhani litatoka kwenye mtihani.

Kwenye Katiba hiyo kuna ibara ya kumi na tatu. Inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na haki ya mtu inapoamuliwa, mtu huyo asikilizwe kwa ukamilifu. Ni maneno mazuri, nimeyakariri. Halafu kuna tangazo la sheria za mila la mwaka sitini na tatu, ambalo mpaka leo linatembea, na linawapanga warithi kwa madaraja. Mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba kubwa ni daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, na mabinti wote la tatu, kama tiketi za meli. Wewe uliyezaliwa miaka kumi na miwili kabla yangu ni abiria wa daraja la tatu, unakaa karibu na mashine. Siku tuliyosoma hilo wavulana tulicheka darasani. Na mimi nilicheka.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwezi uliopita. Mwalimu Okech alitupa kazi akasema kila mmoja alete karatasi moja ya kweli kutoka kwao, iwe hati, barua ya kijiji au chochote kilichogusa haki ya mtu, aipandishe kwenye ile ngazi aone inavunjikia wapi. Wenzangu walihangaika kutafuta. Mimi sikuhangaika, kwa sababu nilikuwa na ile nakala ya muhtasari wa kikao cha ukoo, uliyoiomba kwa karani wa mahakama baba mdogo alipothibitishwa kuwa msimamizi, ukanitumia mwezi wa tatu nikusaidie. Wewe ulinitumia nikutetee, mimi nikaigeuza kazi ya darasani. Niliichapa upya, nikabadilisha majina, nikasimama mbele nikaisoma yote: wajumbe sita wa ukoo wamekaa, wamemchagua mdogo wa marehemu kuwa msimamizi wa mirathi, wamekubaliana majaruba na nyumba viuzwe. Mhudhuriaji namba tano, binti wa marehemu anayelima majaruba hayo, alikuwepo, alikubali, na sahihi yake ipo.

Watu walisema mengi ya kisomi. Mwishoni Ayoo akasema kuna kitu hakimwingii akilini. Kila mjumbe ameandikiwa alichosema, hata yule mzee ambaye inaonekana alisinzia ameandikiwa kwamba aliomba maji ya kunywa. Namba tano, ambaye ndiye anayelima pale, hana hata neno moja. Akasema kwao Rorya mwanamke akinyang'anywa shamba kikao hakiishi siku hiyo, na huyu ametoa shamba analolilima bila hata kukohoa. Akasema huyo mtu hakuwepo. Halafu akasema baba mdogo ni mroho tu, waroho wako kila ukoo, mwizi hasa ni katibu, kwa sababu ndiye aliyejua kuandika.

Darasa zima likaitikia. Mimi nikaandika hoja yake kwenye daftari nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilipewa alama ishirini na sita kati ya thelathini, na Mwalimu akaandika kwa wino wa kijani kwamba uchambuzi wangu una uchungu wa kweli.

Wiki ile ile nilimfuata ofisini. Nikamwambia nina rafiki mwenye tatizo kama lile, siku thelathini za kukata rufaa zimempita dada yake, je, kuna mlango? Akasema mlango upo, mahakama inaweza kuombwa muda zaidi, au usimamizi wenyewe ukaombwa utenguliwe kama ulipatikana kwa udanganyifu, lakini udanganyifu lazima uthibitishwe, na kughushi sahihi ni kazi ngumu kuthibitisha labda aliyeghushi aseme mwenyewe. Kisha akavua miwani akaniuliza huyo rafiki yangu yuko mwaka wa ngapi. Nikasema wa tatu. Akasema basi amwahi dada yake, maana akishavaa joho hatasema tena.

Dada, unakumbuka ripoti yangu ya kidato cha pili? Mama alikuwa amefariki, baba macho yalikuwa hayaoni maandishi, wewe ndiye ulikuwa unasaini ripoti zangu zote pale kwenye nafasi ya mzazi. Muhula ule nilipata sifuri ya hesabu nikaogopa kukuonyesha, nikakaa nyuma ya ghala nikajifunza sahihi yako mpaka nikaipata, ile R yenye mkia unaopita chini ya jina lote. Ulipogundua ulinichapa kwa mwiko, halafu ukaiangalia tena ukacheka, ukasema R umeipatia. Baba hukumwambia. Mwalimu mkuu alipouliza ukasema ni wewe uliyesaini.

Mkono ule ule ndio uliosaini muhtasari.

Hakuna mwingine. Nilikuambia nafasi yako niliiacha wazi na kwamba labda mtu aliijaza karatasi ilipotoka mikononi mwangu. Nilidanganya. Siku ya kikao baba mdogo alijua umekwenda Nansio kwa sababu Queen alikuwa ameugua kwa bibi yake akalazwa hospitali ya kule, na siku hiyo aliichagua kwa sababu hiyo. Tulikaa barazani kwake, mbuzi yuko jikoni. Alisema mwanamke ni wa kwenda, ataolewa tena na ardhi ya Masalu itahamia ukoo wa watu. Akasema bodi ya mikopo imeninyima, ada itatoka wapi, na kwamba msomi akimaliza atamjengea dada yake nyumba ya bati hapo hapo Magu mjini. Wote wakanigeukia. Nilikuwa mwaka wa kwanza, najua maneno makubwa matatu, nimevaa shati jeupe. Walinipa kauntabuku na kalamu wakaniita katibu, na mimi nikajiona mtu.

Hakuna aliyenishika mkono. Nataka ulijue hilo vizuri, usije ukanitafutia sababu. Baba mdogo alisema tu kwamba mahakama haitapokea bila jina lako. Angetaka kusaini yeye asingeweza, hajui hata R ilivyo. Nilisaini, nikala nyama. Hata ile sheria ya mila inayokudharau ilikuwekea kitu kidogo mwishoni mwa foleni. Mimi niliyesoma Katiba sikukuachia hata kitu.

Na kila uliponipigia kuuliza, nilikuambia subiri. Subiri nimalize mtihani, subiri nimuulize mwalimu, subiri nifunge chuo. Ulidhani nakushauri. Nilikuwa nahesabu siku zako ziishe, nikiamini zikiisha nitapumua. Ziliisha, sikupumua. Najichukia, dada, na silisemi hilo ili unihurumie.

Kuna jambo la Jonathan pia. Yeye kama mwenyekiti wa kitongoji alipiga muhuri kwa kuniamini mimi, kwa kuwa niliapa umekubali. Wewe ulisema kikulacho ki nguoni mwako, ukamaanisha yeye, ukamwambia hivyo mbele ya watu wakitoka kanisani. Wewe na mkewe Odeta mlikuwa mnaimba sauti moja kwenye kwaya, sasa mnapishana njiani kama hamjuani. Nenda kwake kabla hujaenda mahakamani. Mwambie ni mimi.

Sasa sababu ya kalamu. Sauti ya simu wangesema imetengenezwa. Barua hii ipeleke mahakamani pamoja na ule muhtasari, uombe usimamizi utenguliwe na mauzo yasimamishwe kabla mwezi haujaisha. Kule Magu yuko msaidizi wa kisheria, nimemwandikia, anakusubiri Jumatatu na hatakudai kitu. Nikiitwa nitakuja kusimama niseme haya haya. Kitakachonipata nakijua, nimekisomea. Uwakili haupo tena, na huenda ikawa zaidi ya hapo.

Nakujua, Dada Rebeka. Ukifika hapa utakuwa umekaa jikoni, na moto uko karibu. Utasema mdogo wangu ataharibikiwa, acha majaruba yaende, nitapanga chumba. Utataka kusema tena ni wewe uliyesaini. Ndiyo maana barua hii nimeiandika mara mbili. Ya pili nilimkabidhi Mwalimu Okech asubuhi ya leo kabla Nestory hajapita, na aliisoma mbele yangu mpaka mwisho. Akaniambia niende nikanywe chai. Kwa hiyo ukiichoma hii utapoteza kuni zako tu, maana hunisaidii kitu. Safari hii usinifichie.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani, na majirani wanaoniulizia waambie nipo. Msalimie Odeta akikubali salamu zangu. Kaburi la baba likipaliliwa, palilia na upande wangu, mimi sijui nitakuja lini kwa uso gani. Dawa ya kifua umalize yote, usiache njiani ukipata nafuu kama ulivyozoea.

Ni mimi mdogo wako,

Yeremia Masalu

Karani atataka sahihi ya kulinganisha. Naiandika hapa mara ya tatu, na ni ya mwisho maishani mwangu:

Rebeka Masalu