Nilimsingizia Kavoi Chumvi ya Shambani

Shangazi Adhis, niaje, mimi ni Ndululu, fundi wa mawe hapa Kianda, Nairobi, naomba unisaidie kabla Jumamosi ifike maana nimeharibu vibaya sana. Tuko na shamba la nyanya kwetu Kitui, tunamwagilia na maji ya kisima, ndugu yangu mdogo Kavoi ndiye analima na mimi naendesha kwa simu, yaani napiga nasema panda hapa, ng'oa pale, na mwaka jana nikamwambia afukie ule mtaro marehemu baba alichimba pale chini, niliona maji yanapotea bure na hapo tungepata laini tatu zaidi za nyanya, Kavoi akabisha, nikamwambia mimi ndiye mkubwa, akafukia. Sasa nyanya zimekauka, udongo umekuwa mweupe juu, nikaenda Pasaka nikaulamba, Shangazi, ni chumvi tupu! Hapo hapo nikaandika kwa grupu ya WhatsApp ya familia, watu arobaini na wawili, eti Kavoi anamwaga chumvi ili nimwachie shamba. Kavoi akatoka kwa grupu, na Mama anasema Jumamosi Kavoi anaenda Mombasa kutafuta kazi na harudi, simu zangu hashiki, na huyo ndiye alimuuguza baba mimi nikiwa Nairobi. Nataka kuleta mganga ahakikishe ni nani, lakini mke wangu Mukai amesema nikuandikie wewe kwanza.

*

Ndululu, mganga wa nini? Mwenye chumvi nimeshampata, anaishi Kianda.

Hebu chemsha maji ya hicho kisima kwa sufuria mpaka yakauke. Ule weupe utakaobaki chini, ni Kavoi ameuleta? Maji yenu yana chumvi kidogo, jua linakausha maji, chumvi inabaki, na mtaro wa baba yako ndio ulikuwa unaitoa. Wewe ukauziba, tena kwa simu! Unabishana na mtu anayeliona shamba kila asubuhi. Aibu, fundi mzima.

Lakini pole, shamba halijakufa. Leo, kabla ya chai, andika kwa grupu ile ile: "Chumvi niliileta mimi. Kavoi alinikataza." Usiongeze "lakini". Mshukuru Mukai, kisha Alhamisi upande basi. Kavoi akikufokea, nyamaza. Mvua ikinyesha na mtaro uko wazi, itaosha udongo. Msimu wa kwanza pandeni spinachi, inavumilia chumvi kuliko nyanya, na mpeleke udongo na maji vipimwe.

Mtaro uchimbe wewe. Kavoi akae kivulini na simu, akupigie akuambie chimba hapa, fukua pale.