Mama Hahami, Moshi Ndio Unaohama

Nyumba ya kona,
Mkabala na karakana ya vioo,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Hawajambo wanangu na shemeji? Mgongo wako unaendeleaje, bado unakusumbua ukiinama kufua? Na kale kadogo kako kameshaota meno, au bado kanachekea ufizi? Huku sote ni wazima, na nasema wazima bila kutia chumvi. Najua hapa ulipofika umeshazirukia salamu zangu unatafuta habari za Mama.

Haya basi, Mama hajambo. Ila nisamehe kuhusu kile chumba ulichompakia rangi. Kuja kutembea atakuja, lakini kuhamia haji. Usinune kwanza. Keti nikueleze, maana mambo yenyewe hata mimi bado yananishangaza.

Unakumbuka nilivyokupigia simu nikilia, siku pumu ilipombana mpaka midomo ikabadilika rangi. Daktari aliniuliza tunapikia nini na nani anavuta sigara mle ndani. Nilipotaja moto wa takataka unaowashwa nyuma ya nyumba, akaniambia dawa ya kuvuta itasaidia, lakini kifua kile na moshi ule haviwezi kukaa pamoja. Ndipo mimi na wewe tukala njama kwenye simu, ya kumhamishia kwako.

Nilimweleza Mama kwa ustaarabu wote nilionao, huku namkata kucha. Alinitazama kama mteja aliyeambiwa gauni lake bado.

"Yaani mimi ndiye wa kuhamishwa?" akasema. "Mimi nimeukuta huo moshi hapa, au wenyewe ndio ulionikuta? Uhamisheni wenyewe."

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Tangu siku ile swali likaniganda kichwani: moshi huu unatoka kwenye vitu gani hasa? Sisi hutupa, mtu huwasha, basi. Sikuwahi kuangalia.

Anayewasha ni yule mzee wa chumba cha mwisho, mlinzi mstaafu. Alihamia baada ya wewe kuolewa, wapangaji tunamwita Kiberiti. Gari la taka halifiki kwetu, hivyo kila asubuhi yeye hufagia uwanja, akakusanya uchafu wa vyumba vyote, akawasha. Hakuna aliyemtuma. Ni kazi aliyojipa mwenyewe, na anaifanya kwa moyo.

Asubuhi moja nikampa shikamoo yake na kumwomba asiwashe. Nikavaa glavu, nikalimwaga lundo zima juu ya turubai, nikaanza kupekua. Mdogo wangu, ungeniona! Watu walitoka vyumbani na miswaki mdomoni. Mpangaji mwenzetu mmoja, kinyozi, akaniuliza kama nimepoteza pete. Nikamjibu kwamba natafuta moshi. Akamgeukia Mama na kumshauri nipelekwe nikapumzike.

Unajua nilikuta nini? Zaidi ya nusu yalikuwa maganda: ya viazi, ya ndizi, ya mayai, pamoja na majani ya chai na maharage yaliyochacha. Vyote vimelowa chapachapa. Kiberiti akanieleza kwamba ndiyo maana moto wake haushiki, unafuka tu mchana kutwa.

"Sasa ukigoma kabisa unafanyaje?" nikamuuliza.

"Naongezea vile vitambaa vyako, mwanangu. Vile vinachangamsha."

Vitambaa vyangu! Mabaki ya cherehani yangu, yale ninayoyafagia kila jioni na kuyatia kwenye kiroba. Nikaokota kipande cha bitana, kile kitambaa cha nailoni cha ndani ya gauni, nikakiwasha pembeni kidogo kuona. Hakikuungua kama nguo, kiliyeyuka na kudondoka matone, na moshi wake ulikuwa mweusi tii. Nilishikwa na uchungu, sikufichi, lakini udadisi ulinizidi nguvu. Kama hiki hakiungui vizuri, je, kinaoza?

Nikachukua ndoo iliyotoboka, nikajaza udongo, nikazika kipande cha pamba, cha nailoni, karatasi, ganda la ndizi na mfuko wa plastiki. Mama akahamishia kiti chake pale kama mwamuzi wa mpira. Kila nikipita ananiambia chimba tuone.

"Subiri viive, Mama."

"Kwani umebandika?"

Tulipochimba hatimaye, mvua za vuli zilikuwa zimekwisha. Ganda la ndizi hatukuliona hata harufu. Karatasi ilikuwa uji. Pamba ilibaki nyuzi, ukizigusa zinakatika kama utando wa buibui. Nailoni ilitoka inang'aa, ungeikung'uta ukamshonea bibi harusi, na mfuko ulikuwa vilevile na maandishi yake. Mama akaishika ile nailoni, akaigeuzageuza.

"Udongo wenyewe umeikataa," akasema. "Halafu mimi naivuta kifuani?"

Kuanzia hapo hakuhitaji kubembelezwa. Alipita chumba hadi chumba na fimbo yake, akiomba kila mtu aweke maganda kwenye ndoo ya peke yake. Wengine walikubali kwa heshima ya mvi, wengine ili aondoke mlangoni. Aliyekataa katakata ni Kiberiti.

"Mkiniondolea moto, asubuhi nitaamkia nini?" alimwambia Mama, na haukuwa utani. Mkewe alifariki, watoto wako mbali, na ule moto ndio uliokuwa ukimtoa kitandani. Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Mama akamwambia lundo la maganda tutakaloliozesha liwe mbolea nalo linataka mtu wa kuligeuza, na yeye mwenyewe hana pumzi ya kushika koleo.

Nisikudanganye kwamba mambo yalikwenda mserereko. Lundo la kwanza lilinuka, nzi wakajaa, na mwenye nyumba akaja juu, akasema tukirudi kufanya uwanja wake jaa atatutoa wote. Nilikata tamaa, nikataka kukupigia umwandalie Mama nauli. Kiberiti ndiye aliyekwenda kwa seremala kuomba maranda, akayachanganya na majani makavu, akageuza, akanusa, akaongeza tena. Harufu ikaisha. Halafu siku moja tukasikia anatuita kwa kelele. Alikuwa amechomeka mkono katikati ya lundo.

"Njooni mguse! Linawaka ndani, na sijawasha mimi!"

Tulipanga foleni kugusa, hata kinyozi na aproni yake. Ni joto kweli, kama chai iliyopoa kidogo. Nasikia ni vijidudu visivyoonekana vinavyokula yale maganda. Mimi bado najiuliza vilitoka wapi, na nani alivipa habari kwamba kwetu kuna chakula.

Sasa hata kazini kwangu nimebadilika. Napanga kitambaa vizuri kabla ya kukata, vipande vya pamba nashonea viraka na vitambaa vya jikoni, na mabaki ya nailoni najazia mito. Mteja akileta nguo iliyochanika akitaka mpya, naibembeleza ile ya zamani kwanza. Sokoni naenda na kikapu, na kwa muuza nyama nampa bakuli langu. Mara ya kwanza aliniuliza kama nimekuja kula palepale.

Yapo yaliyotushinda. Nepi za mapacha wa chumba cha katikati hatujui tuzifanyeje, na mifuko tuliyokwisha kuikusanya imejaa kiroba, inasubiri mtu wa kuipokea. Nawe niambie, huko kwenu taka zinakwenda wapi gari likishazichukua? Umewahi kuuliza? Mimi siku hizi siwezi kuona pipa bila kutaka kuchungulia, mpaka mume wangu anaona aibu kutembea nami.

Moto nyuma ya nyumba yetu haujawashwa tangu mvua za vuli ziishe. Dawa ya Mama bado iko karibu na kitanda chake, na daktari amesema asiiache, lakini alipomsikiliza kifua majuzi alimsikiliza mara mbili, kisha akaniuliza tumefanya nini.

Tatizo ni jirani wa ng'ambo ya barabara, kule kilimani, ambaye bado anachoma taka, na upepo ukigeuka moshi unatufikia. Nilikuwa natafuta maneno ya kwenda kumwambia. Leo asubuhi nimemkosa Mama kitini kwake. Nikatoka mbio barabarani, moyo mkononi. Nikamwona upande wa pili, ameshapanda kile kilima cha jirani na bakuli la udongo mweusi uliotokana na maganda yetu mikononi, anabisha hodi. Amefika juu bila kusimama njiani hata mara moja, mdogo wangu. Na hodi yake nimeisikia mpaka huku.

Nisalimie sana shemeji, wanangu wote, na mama mkwe wako. Mume wangu anakusalimu, na Kiberiti anasema ulete mbegu ukija. Mola akupe afya na pumzi ya kutosha, wewe na wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi dada yako, mwenye kukupenda na kukukumbuka kila siku,

Fundi.