Sungura wa Amos Tidd

Wexcombe, 4 Januari 1832

Mwanangu Augusta,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila goti langu linanisumbua kwa baridi hii. Wewe na mumeo hamjambo huko Bath?

Jana nilikaa kwenye kiti changu cha hakimu, nikasikiliza kesi hapa hapa nyumbani. Mlinzi wa msitu alimkamata Amos Tidd, yule kibarua wetu, na sungura wa msitu wetu ndani ya koti. Eti, “Bibi Augusta ndiye aliyenipa siku aliyoondoka.” Nikamwambia, “Huna hata haya, unamsingizia binti yangu!” Nimemfunga miezi mitatu. Sikuona haja ya kukuuliza. Jina la binti wa Sir Everard haliburuzwi mahakamani kwa ajili ya sungura.

Baba yako

Bath, 19 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nilikuwa na homa, barua yako nimeisoma leo tu.

Nilimpa mimi. Mkewe alikuwa amejifungua na hawakuwa na nyama. Ungeniuliza, Baba! Mtoe.

Mwanao Augusta

Wexcombe, 27 Januari

Mwanangu,

Pole kwa homa. Mimi silali vizuri.

Hukumu yangu siwezi kuifuta mwenyewe. Nimemwandikia waziri amwombee Tidd msamaha wa Mfalme, kwa kuwa ana mtoto mchanga. Mkewe nimempelekea makaa. Kayaacha getini.

Baba yako

Bath, 2 Februari

Baba,

Natumaini goti limepoa. Msamaha wa nini, kwani alikosa nini? Umemwambia waziri kwamba Amos hakusema uongo? Usiponijibu hilo, sitakuja Pasaka.

Augusta

Wexcombe, 1 Machi

Mwanangu,

Sikukujibu kwa sababu sikuwa nimemwambia. Niliona aibu.

Msamaha umefika. Jana nilikwenda mwenyewe hadi gerezani, nikamsomea Tidd getini, kisha nikampa karatasi yenyewe. Amekonda. Akauliza, “Nimesamehewa kosa gani, bwana mkubwa?”

Askari jela walikuwa wanasikiliza. Nikasema, “Kosa langu. Sungura ulipewa kweli, nami sikuuliza.”

Akaikunja ile karatasi taratibu, akanirudishia. “Basi hii ni yako, bwana.” Akashika njia kwa miguu, gari langu hakulitazama.

Ninayo hapa mezani, ina muhuri wa Mfalme na jina lake. Kesho nina kesi mbili, na sijui nitakaaje kwenye kile kiti. Njoo, mwanangu, hata kama ni kunigombeza.

Baba yako